Neno "Mwami": Mzizi Mmoja, Maana Mbalimbali

Yako maneno ambayo sikio huyapokea upesi kuliko akili. Mtu akiyasikia katika lugha ya jirani hutambua sauti ya kwao, akafurahi, akadhani amekwisha kufahamu. Kumbe amefahamu sauti tu. Katika nchi yetu ya Pangi neno la namna hiyo ni mwami, pamoja na ndugu yake bwami. Lasemwa hapa Maniema, lasemwa Kivu, Rwanda na Burundi, lasemwa Uganda, na mbali kusini lasemwa Zambia. Kila mahali ni neno la heshima. Lakini heshima yenyewe si ya namna moja, na yule aitwaye mwami huku pengine asingeitwa hivyo kule.

Twataka kulipima neno hilo leo, kwa kuwa mara nyingi mno twalisoma limefasiriwa vibaya. Katika orodha za maneno, na hata katika maandiko ya watu wenye elimu, huandikwa kwa ufupi: mwami ni mfalme, bwami ni ufalme. Mwandishi aweka nukta, apita. Kwa Mnyarwanda ameandika kweli. Kwa Mlega wa Pangi ameandika jambo ambalo babu zake hawakulijua, maana Walega hawakuwa na mfalme. Na kosa hili haliwahusu wanafunzi wa lugha peke yao. Kutofahamu neno hili kumewahi kuwaletea watu adhabu, kwaweza kugusa mashamba yao, na kwagusa pia namna sisi makatekista tunavyofundisha habari za Ufalme wa Mungu.

Mzizi wa neno

Kwanza tuangalie umbo lake. Lugha zetu za Kibantu hujenga maneno kwa kutia kiungo mbele ya mzizi. Mzizi wa neno letu ni -ami. Ukitia mu- ya mtu mmoja, wapata mwami. Ukitia ba- ya watu wengi, wapata bami katika Kilega, abami katika Kinyarwanda, abaami katika Kiganda. Ukitia bu- ya hali au cheo, wapata bwami. Hiyo bu- ndiyo u- ya Kiswahili, kama tuionavyo katika utoto, utumwa na ufalme. Basi bwami, kwa umbo lake, ni ile hali inayomfanya mtu awe mwami. Umbo latuambia hayo tu. Halituambii mtu anakuwaje mwami, wala ana mamlaka gani akishakuwa. Hayo twayapata kwa kuwauliza wenye lugha.

Mzizi huo ni wa zamani. Watonga na Waila wa kusini mwa Zambia wanalo neno mwami, nao wako mbali na Pangi zaidi ya kilomita elfu moja. Katikati wako watu wengine wenye majina yao ya ukubwa: Waluba wana mulopwe, Wabemba wana mfumu. Neno likionekana katika pande mbili zilizotengana hivyo, si rahisi kusema kwamba wa upande mmoja waliliazima sokoni kwa wa upande mwingine. Yaelekea kuwa urithi wa mababu, nao waliotawanyika walilibeba kila mmoja kwa njia yake. Nyumba zilipobadilika, maana nayo ikabadilika.

Hapa tuwaonye wale wapendao kuunganisha maneno kwa sauti. Mwami si ndugu wa mwamini. Mwamini latokana na imani, neno la Kiarabu. Wala si ndugu wa mwamuzi, maana hilo latoka katika kuamua. Wala si mwamu, neno la pwani la kumwita shemeji. Maneno hayo yamefanana kama watu wawili wasiojuana wanavyoweza kufanana sura njiani.

Kiswahili cha pwani chenyewe hakina mwami. Kina mfalme, ambalo zamani lilitamkwa pia mfaume, na hata leo Mfaume ni jina la mtu huko. Kina sultani, lililotoka Kiarabu. Wafanya biashara wa pwani walipofika Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19, walileta lugha yao pamoja na sultani yao, nao wenyeji wakazoea kumwita hivyo kila mtu mwenye amri. Baadaye wakaja Wabelgiji na neno la Kifaransa, nasi tukapata shefu na sheferi. Hivyo mtu wa Pangi amejikuta na maneno manne mkononi: mwami, sultani, mfalme na shefu. Ni rahisi kudhani kwamba yote manne ni majina ya mtu yule yule. Tuone basi kama ndivyo.

Mwami wa Rwanda, wa Burundi na wa Bushi

Katika Rwanda ya zamani mwami alikuwa mmoja. Alikuwa juu ya nchi yote, na ngoma yake Kalinga ilikuwa alama ya utawala. Hakupanda ngazi mpaka akafika. Alizaliwa katika ukoo wa kifalme, na wazee walioitwa abiru, waliotunza siri za utawala, ndio waliojua nani atarithi na atachukua jina gani. Mwami akifa, mwingine hushika mahali pake. Wawili pamoja hawawezi, maana hiyo ingekuwa vita.

Burundi nako mwami alikuwa mfalme. Mwambutsa wa Nne alikuwa mwami tangu mwaka 1915 hadi 1966. Katika mwaka huo huo wa 1966 mwanawe Ntare wa Tano alishika mahali pake, akaondolewa, na ufalme ukaisha. Katika Rwanda ufalme ulikuwa umekwisha ondolewa mwaka 1961.

Wakristo wa huko walilichukua neno hilo kama lilivyokuwa. Papa Pius wa 11 aliweka sikukuu ya Kristo Mfalme mwaka 1925. Mwami Mutara wa Tatu Rudahigwa alibatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946 akaiweka nchi yake ya Rwanda chini ya Kristo Mfalme. Katika lugha ya nchi, Kristo Mfalme ni Kristu Umwami, na Ufalme wa Mungu ni ubwami bw'Imana. Kila mtu alifahamu mara moja, kwa kuwa alijua mwami ni nani: mmoja, juu ya wote. Tena tuangalie jambo la ajabu. Kiti cha mwami kimeondoka tangu mwaka 1961, lakini neno limebaki katika sala. Watoto wa Rwanda wa leo hawajamwona mwami wa nchi kwa macho. Walifahamu neno hilo kanisani na katika masimulizi ya wazee.

Katika Bushi, karibu na Bukavu, mwami pia ni mtawala mwenye nchi, kama yule wa Kabare na yule wa Ngweshe. Huko ardhi ilikuwa ya mwami, na mtu aliyetaka shamba alitoa kitu kiitwacho kalinzi, kwa kawaida ng'ombe, ndipo akapewa haki ya kukaa na kulima, yeye na watoto wake. Msomaji alishike jambo hili la kalinzi, maana tutalirudia.

Mwami wa Buganda

Sasa twende mpaka kando ya Ziwa Victoria. Katika Buganda mfalme haitwi mwami. Huitwa Kabaka. Omwami ni mkubwa aliye chini ya Kabaka, kama mkuu wa jimbo, naye huwekwa na Kabaka, na Kabaka aweza kumwondoa. Tena neno limeshuka mpaka nyumbani. Mwanamke wa Kiganda husema mwami wange, maana yake mume wangu. Katika barua na katika mikutano, omwami ni kama bwana wa Kiswahili: Bwana Fulani. Basi fikirini mama wa Kampala akimwambia Mnyarwanda wa siku zile kwamba mwami wake yuko shambani anapalilia migomba. Mnyarwanda angeshangaa nchi gani hii ambayo mfalme wake hushika jembe.

Na kwa kuwa cheo cha mwami kwao ni cha chini, Waganda wanapomwita Mungu Bwana hutumia Mukama. Lakini vukeni mpaka Bunyoro, jirani zao, mtakuta kwamba Omukama ndilo jina la mfalme wa nchi. Neno moja, hatua chache tu kutoka mpaka hadi mpaka, na cheo kimegeuka.

Mswahili asiwacheke. Tazameni neno letu bwana. Mke humwita mumewe bwana. Mfanyakazi alimwita Mzungu wa kampuni bwana. Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alipozuru Kongo mwaka 1955 alipewa jina la Bwana Kitoko. Nasi katika sala twamwita Yesu Bwana. Hakuna anayechanganyikiwa, kwa sababu tumekua ndani ya neno hilo na twajua lini lina maana gani. Mgeni ndiye huanguka. Hali kadhalika na mwami: mwenye lugha hachanganyikiwi kwake, huchanganyikiwa akifika kwa jirani na kudhani bado yuko kwao.

Watonga wa Zambia nao wana njia yao. Kwao mwami ni mkubwa, shefu, na Wakristo wao humwita Yesu Mwami kama sisi tumwitavyo Bwana. Ufalme wa Mungu kwao ni Bwami bwa Leza. Maneno haya mawili ya kwanza yangeandikwa vile vile kwa Kilega, bila kubadili hata herufi moja. Hapo ndipo hatari ilipo, kama tutakavyoona.

Mwami wa Pangi

Sasa tuje kwetu. Walega wanakaa hasa katika teritware za Pangi, Shabunda na Mwenga. Zamani hawakuwa na mtawala mmoja wa kuwaamuru wote, wala ngoma ya nchi, wala kiti cha kurithi. Wazee wa koo waliamua mambo ya watu wao na ya ardhi yao. Kilichowaunganisha watu wa koo mbalimbali kilikuwa bwami.

Bwami ni chama chenye ngazi. Majina na hesabu ya ngazi hutofautiana kidogo mahali na mahali, lakini zilizo mashuhuri kwa wanaume ni kongabulumbu, kansilembo, ngandu, yananio, na ya juu kabisa kindi. Mtu haingii kwa kuzaliwa. Huomba, hutazamwa mwenendo wake, hutafutiwa msaada na ndugu zake na wajomba zake, hutoa mali: mbuzi, nyama, mafuta, chumvi, na zamani ile fedha ya makombe iitwayo musanga. Mali hiyo haiwekwi sandukuni kwa mtu mmoja, hugawanywa. Ndipo huingizwa, na hufundishwa. Mafundisho yenyewe hutolewa kwa mithali, kwa ngoma, kwa kucheza, na kwa kuonyeshwa vitu: sanamu ndogo za pembe za ndovu au za mti ziitwazo maginga, vinyago vidogo kama lukwakongo, hata ngozi, magamba na midomo ya ndege. Kila kitu kina maneno yake. Kimoja chakemea ulafi, kingine ugomvi, kingine uzinzi, kingine chasifu subira.

Basi kwa Mlega mwami ni mtu yeyote aliyeingizwa katika chama hicho. Katika kijiji kimoja waweza kuwako bami kumi bila vita, kila mmoja katika ngazi yake. Wala si wanaume peke yao. Mwanamume hafiki kindi akiwa peke yake, bali mkewe lazima aingizwe pamoja naye, na mwanamke wa ngazi ya juu, iitwayo bunyamwa, ana heshima kubwa mbele ya wanaume wengi. Mtu akiwa na mali nyingi lakini ni mgomvi, mali yake haimtoshi. Na aliyefika kindi hana askari wala kodi. Ana neno lake, na watu hulisikiliza kwa kuwa walimwona akipanda taratibu kwa miaka mingi.

Wasomaji, liwekeni hilo kando ya mwami wa Rwanda. Yule ni mmoja, hawa ni wengi. Yule amezaliwa, hawa wamepanda. Yule ana amri, hawa wana mfano na shauri. Sauti ya neno ni moja, lakini nani angethubutu kusema kwamba ni kitu kimoja?

Jambo moja zaidi. Hata miongoni mwa Walega neno si moja kila mahali. Upande wa mashariki, katika Mwenga, Walega wamekaa karibu na Washi na Wanyindu wenye watawala, na huko wakuu wa sheferi kama Wamuzimu na Basile huitwa mwami, katika kinywa cha watu na katika karatasi za serikali. Hivyo ndugu wawili wa kabila moja, mmoja wa Kamituga na mmoja wa Kampene, waweza kukaa meza moja, wakasema mwami, na kila mmoja akamwona mtu mwingine akilini.

Makosa matatu

Sasa twaweza kupima makosa, nayo ni matatu.

La kwanza ni la serikali ya Wabelgiji. Wao walihitaji mtu mmoja wa kumwamuru na kumlaumu katika kila eneo, wakaweka mashefu. Kando ya mashefu hao waliwaona bami, watu wenye heshima ambayo haikutoka ofisini. Wakauona bwami kuwa chama cha siri na cha kupinga amri, na mwaka 1948 wakaupiga marufuku. Baadhi ya wamisionari nao walikuwa wameuhesabu pamoja na mambo ya giza. Lakini chama cha siri ni kile ambacho waliomo hawajulikani. Bami walijulikana na kila mtoto wa kijiji. Walivaa kofia za ngazi zao hadharani, na wake zao walikuwa pamoja nao. Yalikuwako mafundisho yasiyoonyeshwa kwa asiyeingizwa, ni kweli, lakini hata sisi katika Kanisa la mwanzo tuliwatoa nje wakatekumeni kabla ya sehemu kuu ya Misa, na hatupendi kuitwa chama cha siri. Hasara ya kosa hilo yaonekana. Maginga mengi yalitoka katika nchi ya Walega yakaenda Ulaya na Marekani. Leo yamesimama katika majumba ya makumbusho, kama lile la Tervuren huko Ubelgiji, yakisifiwa kwa uzuri wake. Hatuoni vibaya yasifiwe. Lakini yamesimama kimya, kwa maana sanamu ya bwami bila mithali yake ni kama kitabu kilichofungwa kwa gundi.

Mtaalamu mmoja alijihadhari na kosa hilo. Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyefanya uchunguzi kati ya Walega katika miaka ya 1950, alitoa mwaka 1973 kitabu kiitwacho Lega Culture. Twamsifu kwa jambo moja hasa: hakulifasiri neno bwami. Aliliacha kama lilivyo, akaeleza kwa kurasa nyingi maana yake, na katika kichwa cha kitabu akataja falsafa ya mwenendo mwema. Hiyo ndiyo njia ya mtu mwenye adabu mbele ya neno la wengine. Twalaumu kidogo tu kwamba kitabu ni cha Kiingereza, na kwetu Pangi wanaoweza kukisoma ni wachache. Elimu iliyotoka katika vinywa vya wazee wetu ingefaa irudi nyumbani kwa lugha tunayoisema.

Kosa la pili ni la watu wa karatasi wa siku zetu. Katika Kivu mwami ni jina la mkuu wa kimila mwenye sheferi na mwenye neno juu ya ardhi. Sasa mtu akiandika katika barua ya Pangi kwamba fulani ni mwami, maana yake kwamba ameingizwa katika bwami, msomaji wa Bukavu au wa Kinshasa atasoma kwamba fulani ndiye mwenye nchi. Na fulani mwenyewe, akiwa mjanja, aweza kuipenda tafsiri hiyo. Aweza kuanza kudai kwa wenye mashamba kitu kama kalinzi, ambacho Pangi hakikuwako, kwa kuwa kwetu ardhi ni ya ukoo na wazee wake. Hapo neno lililofasiriwa vibaya huzaa kesi, na kesi ya shamba huzaa chuki ya ndugu na ndugu. Kwa hiyo mwandishi wa barua, karani na mwalimu waandike wazi: mwami wa kindi, au mkuu wa sheferi. Maneno mawili zaidi hayagharimu wino mwingi.

Kosa la tatu ni letu sisi tufundishao dini, nalo lastahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Vitabu na nyimbo huvuka mipaka. Wimbo uliotungwa Rwanda au Bushi waweza kufika Maniema, na mwalimu mwenye haraka huona kwamba neno ubwami lafanana na la kwetu, akasema: vema, hata Walega watafahamu. Watafahamu nini? Mzee wa Pangi akisikia bwami bwa Mungu hafikirii kwanza utawala wa mmoja juu ya wote. Afikiria chama chenye ngazi, ambacho mtu huingia kwa kutoa mbuzi na mali, na ambacho maskini asiye na ndugu wa kumsaidia hukaa nje yake. Je, hiyo ndiyo Injili? Katika Matendo ya Mitume Simoni mchawi alitaka kununua kipawa cha Roho kwa fedha, na Petro alimkemea vikali. Neema haina bei. Mtoto mchanga huipokea katika ubatizo kabla hajaweza kushika hata kuku mkononi.

Yuko atakayesema: basi neno bwami lisitajwe kanisani kabisa. Hapana, hilo nalo ni kukimbia. Kulifasiri neno na kulitumia kwa mfano ni mambo mawili. Tukifasiri Ufalme wa Mungu kwa bwami, twawapotosha watu. Tukiuchukua bwami kuwa mfano, na kusema wazi ufananapo na usipofanana, twawasaidia. Mzee aliyepanda ngazi zile ajua mambo ambayo kijana wa shule hayajui: kwamba mtu hakamiliki siku moja, kwamba mafundisho hutaka subira, kwamba mume na mke hupanda pamoja au hawapandi, kwamba mali isiyogawanywa haimpi mtu heshima. Kwa mzee huyo katekumenato si jambo geni, wala ndoa ya Kikristo si jambo geni. Tumwambie basi: Baba, haya uliyoyajua tunayaheshimu. Lakini mlango huu haulipiwi, na mwenye nyumba hii ni mmoja, naye amewaita hata wale ambao hawangeweza kutoa kitu.

Kwa Ufalme wenyewe tushike neno la Kiswahili, ufalme. Watu wa Pangi hawakuwa na mfalme wao, na kwa hiyo neno hilo halina picha ya zamani ya kuwachanganya. Laweza kujazwa maana na Injili yenyewe, kwa mifano ya mbegu ya haradali, ya chachu na ya karamu. Pengine ni heri kufundisha Ufalme usio wa dunia hii kwa watu wasio na kumbukumbu ya mfalme wa dunia, kuliko kwa watu ambao kila wakisikia neno hilo huona ngoma na mikuki.

Tumalizie kwa shauri kwa wote waandikao na wafasirio. Ukikuta katika lugha ya jirani neno linalofanana na la kwenu, usifurahi upesi. Uliza mambo manne: Mtu hupataje kuitwa hivyo? Waweza kuwako wangapi pamoja? Ana mamlaka juu ya nini? Na mkewe ni nani? Kwa neno mwami, Mnyarwanda, Mganda na Mlega watakupa majibu matatu, na yote matatu ni ya kweli. Mwenye kuwauliza wote watatu atakuwa amefanya kazi ya mfasiri. Asiyeuliza, hata akijua lugha kumi, atabaki akirudia sauti.